Mtoto akisema TV inamzungusha, mwangalie macho

Jumamosi jioni, sebuleni. Kaka mtu ana miaka 15, ameshika padi ya gemu na hasikii la mtu. Mdogo wake wa miaka 9 amekaa kwenye mkeka, hatua moja tu kutoka kwenye TV, anatazama. Ndani ya gemu askari anakimbia kwenye vyumba vyenye giza, anageuka kulia, anageuka kushoto, anaruka ukuta. Anayetazama hamwoni askari mwenyewe. Anaona kile tu ambacho askari anakiona. Dakika 10 hazijaisha, mdogo kanyamaza. Anapiga miayo mfululizo. Uso umepauka na jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo.

"Mama, TV inanizungusha."

Mama, yuko jikoni, anajibu kwamba hiyo ni njaa, aje ale. Mtoto anakula. Muda si mrefu chakula chote kiko sakafuni.

Nyumba nyingi zina kisa cha namna hii, na kila nyumba ina jibu lake. Njaa. Minyoo. Malaria inanyemelea. Bibi atasema mtoto katupiwa kijicho. Baba atasema anadeka tu, mbona mwenzake anacheza saa tatu nzima na hana kitu? Kaka atasema avumilie, atazoea. Katika majibu yote hayo ni nadra mtu kumshika mtoto kidevu na kuangalia macho yake yanafanya nini, ilhali hapo ndipo watafiti wa kizunguzungu wamekuwa wakitazama kwa karibu miaka 200.

Kwanza hilo la kudeka. Mwaka 2003 nchini Japan, wanafunzi 294 wa shule moja walioneshwa video ya dakika 20 kwenye skrini kubwa. Video yenyewe ilipigwa kwa kamera ya mkononi, picha ikawa inatikisika na kuyumba mara kwa mara. Wanafunzi 36 kati yao walitibiwa hospitali wakiwa na dalili zile zile za mtu aliyechafukwa na safari. Hakuna aliyekuwa safarini. Wote walikuwa wamekaa, na kilichokuwa kinatembea ni picha peke yake. Watafiti wa Japan waliifuatilia video hiyo, wakapima jinsi picha ilivyokuwa ikisogea, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Suala lenyewe halikuishia shuleni. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa waraka wa makubaliano kuhusu usalama wa picha zinazotembea mwaka 2005, na mwaka 2020 likatoa kiwango kinachohusu kichefuchefu cha picha peke yake.

Hesabu hiyo ya 36 kati ya 294 inamjibu baba pia. Video moja, ukumbi mmoja, dakika zile zile, na bado wengi walitoka salama huku wengine wakipelekwa hospitali. Miili haifanani. Umri nao una sehemu yake: mtoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kuchafukwa na mwendo, kisha hali hupanda na kuwa kali zaidi kati ya miaka 6 na 12 hivi, halafu wengi hupungukiwa wanapokua. Mtoto wa miaka 9 yuko katikati kabisa ya kipindi hicho. Kaka wa miaka 15 anaelekea kutoka.

Sasa macho yanahusikaje? Mzazi anayesoma ukurasa huu kwenye simu anaweza kujaribu hapo hapo alipo. Aishike simu bila kuisogeza, kisha atikise kichwa kulia na kushoto kwa haraka, kama mtu anayekataa jambo, huku akiendelea kusoma. Maandishi yatasomeka vizuri tu. Halafu akitulize kichwa, aitikise simu yenyewe kulia na kushoto kwa kasi ile ile. Maandishi yanageuka ukungu.

Ajabu yake ni kwamba kwa mtazamo wa kawaida mambo hayo mawili ni kitu kimoja: simu na kichwa vinapishana. Tofauti iko sikioni. Ndani kabisa ya sikio, mbali na ngoma, kuna mirija mitatu midogo iliyopinda kama nusu duara, imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yanabaki nyuma kidogo, vinyweleo vya ndani vinapinda, na taarifa inakimbia kwenye misuli ya macho: kichwa kimekwenda kulia, macho yaende kushoto. Kazi hiyo inachukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde, kabla mtu hajafikiri lolote. Simu ikitikiswa huku kichwa kimetulia, sikio halina la kusema. Jicho linabaki kuikimbiza simu peke yake, nalo linachelewa.

Ukubwa wa kazi hiyo hujulikana pale inapokosekana. Mwaka 1952 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha simulizi ya daktari aliyeharibikiwa na mirija hiyo masikio yote mawili baada ya kutibiwa kwa streptomaisini. Alieleza kwamba akiwa kitandani hakuweza kusoma kitabu, kwa kuwa pigo la moyo wake lilitosha kutikisa kichwa na maandishi yakarukaruka. Ilimbidi akibane kichwa kati ya vyuma vya kitanda ndipo asome. Akiwa anatembea, ilimpasa asimame kwanza ndipo aweze kusoma kibao. (Dawa za ukoo huo, jentamaisini ikiwemo, bado zinatumika na zinaokoa maisha ya watoto. Lakini mtoto anayeanza kuyumba au kusema vitu vinarukaruka baada ya mfululizo wa sindano hizo arudishwe haraka kwa aliyemtibu.)

Upande wa pili wa jambo ni ule ambao sikio limekaa kimya na picha ndiyo inayotembea. Katika miaka ya 1820 mwanasayansi Jan Purkinje, mzaliwa wa Bohemia, nchi inayoitwa Czech leo, alitazama watu waliokuwa wakiangalia gwaride la askari wa farasi. Aliona macho yao yanafanya jambo ambalo wenyewe hawakulijua: yanamsindikiza farasi taratibu, kisha yanaruka ghafla kurudi nyuma kumdaka anayefuata, yanasindikiza tena, yanaruka tena. Mwendo huo wa kufuata pole pole na kurudi kwa ghafla huitwa nistagmasi.

Si lazima kuwa na farasi. Mzazi anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na mtoto kakaa dirishani, amwangalie macho wakati nguzo za umeme zinapita. Ataona mchezo ule ule. Akimuuliza mtoto macho yake yanafanya nini, atajibu kwamba ametulia tu anaangalia nje.

Kila aliyewahi kukaa ndani ya basi Stendi ya Magufuli akisubiri kuondoka anajua pia udanganyifu mwingine unaokwenda na huo. Basi la pembeni linaanza kurudi nyuma, na abiria anahisi kabisa lake ndilo limeondoka. Anashika kiti. Kisha anatazama chini, anaona muuza maji amesimama pale pale, na hisia inakatika. Picha iliyojaa dirishani ilikuwa imeuaminisha ubongo kwamba mwili unasafiri.

Kwa mtoto aliyekaa mkekani hatua moja kutoka kwenye TV, mambo hayo yote yanampata kwa pamoja. Picha imejaa machoni. Macho yanasindikiza na kuruka, yanasindikiza na kuruka, mamia ya mara. Ubongo unahitimisha kuwa mwili unakimbia kwenye korido na kukata kona. Lakini mirija mitatu ya sikio la kulia na mitatu ya kushoto inasema kwa sauti moja: huyu amekaa mkekani. James Reason na J. J. Brand, Waingereza walioandika kitabu kuhusu maradhi ya mwendo mwaka 1975, walilieleza tatizo kuwa ni mgongano kati ya taarifa hizo na kile ambacho ubongo umezoea kukitarajia.

Kwa nini mgongano huo uishie tumboni, na si mguuni au mgongoni? Michel Treisman, mtafiti wa saikolojia, alipendekeza jibu mwaka 1977: kwa maelfu ya miaka kitu kilichovuruga makubaliano ya macho na masikio kilikuwa sumu iliyoliwa, na njia salama ilikuwa kuitapika. Wapo wasioikubali hoja hiyo. Hata hivyo inaeleza vizuri kwa nini kumlazimisha mtoto ale wakati ule ni kulipa tumbo kitu cha kurudisha.

Jambo moja huwashangaza wengi. Mtu aliyepoteza kabisa sikio la ndani pande zote mbili hachafukwi na picha hizo. Zamani sana, mwaka 1882, William James wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika kuhusu viziwi 519 waliozungushwa ili kuona kama watapata kizunguzungu. 186 hawakupata hata kidogo. Kati ya wanafunzi na walimu wapatao 200 wa Harvard wenye kusikia, ni mmoja tu aliyesalimika. Majaribio ya miaka ya 1990 yaliyotumia picha zinazozunguka, bila kumzungusha mtu, yalionesha vivyo hivyo: asiye na sikio la ndani linalofanya kazi hapati kichefuchefu. Kwa hiyo mtoto anayechafukwa na TV hana macho mabovu wala masikio mabovu kwa sababu hiyo. Anachafukwa kwa kuwa vyote viwili vinafanya kazi, na vinapingana.

Aliyeyafanya macho kuwa shahidi wa daktari ni Robert Bárány wa Vienna. Alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa kuyapiga maji, na baadhi walilalamika kizunguzungu. Maji yakiwa ya baridi, kizunguzungu. Akayapasha moto kupita kiasi, kizunguzungu tena, ila sasa macho yalipiga kuelekea upande mwingine. Yakiwa vuguvugu kama mwili, hakuna kitu. Akagundua kwamba majimaji ya kwenye mirija husogea yanapopashwa au kupozwa, kama maji ya kwenye sufuria yanavyopanda upande wenye moto, na macho hufuata. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 ilimkuta akiwa mateka wa vita mikononi mwa Warusi.

Tangu hapo daktari hakulazimika tena kutegemea maneno ya mgonjwa peke yake. Kizunguzungu hakionekani, na mtoto wa miaka 5 hana maneno ya kukieleza. Atasema kichwa kinauma, au tumbo, au atalia tu. Macho yanaeleza kwa niaba yake, na mwendo wake ni mgumu sana kuuigiza. Siku hizi mgonjwa huvishwa miwani yenye kamera ndogo zinazotumia mwanga wa infraredi, ule usioonekana. Kamera hufuata mboni mamia ya mara kwa sekunde moja na kuchora mstari: jicho linapofuata taratibu mstari unateleza, linaporuka mstari unakatika na kupanda, hadi karatasi inafanana na meno ya msumeno.

Miwani hiyo ina siri moja yenye faida kwa nyumba yoyote yenye TV. Mara nyingi huzibwa giza ndani, na ile ya zamani iliwekwa lenzi nene sana zinazofanya kila kitu kiwe ukungu kwa mgonjwa. Sababu ni kwamba mtu akipata kitu cha kukikazia macho, nistagmasi inapungua au inajificha, na daktari anakosa anachokitafuta. Kwa daktari hiyo ni kero. Kwa mtoto anayezungukwa na picha ni dawa.

Mwaka 1990 Robert Stern na wenzake, watafiti wa Marekani, walipima hilo. Mtu alikaa katikati ya pipa kubwa lililopakwa mistari myeupe na meusi kwa ndani, kisha pipa likazungushwa. Mwenyewe hakusogea. Tumboni alibandikwa vipimo vya umeme, maana tumbo la binadamu lina mdundo wake, mawimbi kama 3 kwa dakika, na kichefuchefu kikianza mdundo huo huenda mbio. Wengine waliachwa watazame pipa lote wapendavyo. Wengine walipewa alama moja iliyotulia mbele yao waikazie macho. Wengine walitazama kupitia kidirisha kidogo tu. Makundi mawili ya mwisho yaliumwa kidogo sana kuliko la kwanza, na hata hisia ya kuzunguka ilipungua.

Mmarekani mwingine, Sheldon Ebenholtz, alifika mbali zaidi. Alisema misuli ya macho yenyewe, inapovutwa mfululizo, hupeleka ishara hadi kwenye neva inayoshuka tumboni. Watafiti waliomfuata wameonesha kuwa hisia ya mwili kusafiri ina mchango wake hata macho yakituliwa. Mabishano hayo ni ya maabara. Sebuleni hatua ni ile ile, kwa sababu kumpa mtoto kitu cha kukazia macho na kuipunguza picha kunagusa yote mawili.

Kuipunguza picha maana yake ni kusogeza mkeka nyuma. TV iliyo hatua moja inajaza macho. Ile ile ikiwa hatua tano ni kidirisha ukutani, na pembeni yake mtoto anaona pazia, saa ya ukutani, mlango, vitu vinavyomwambia ubongo kwamba nyumba haijaondoka. Ndiyo maana taa ya sebule iwashwe. Kuzima taa ili gemu "linoge" ni kumnyang'anya mtoto vitu hivyo vyote. Akianza kusikia vibaya akazie macho kitu kisichotembea, kona ya TV au saa, na akiona haitoshi aondoke, akakae barazani atazame mbali.

Wazazi wa watoto wanaokwenda banda umiza wanajua viti vya mbele ni vya nani. Wadogo hubanwa mbele kabisa, chini ya skrini, gizani, na filamu za mapigano za siku hizi hupigwa kwa kamera inayoyumba makusudi. Mtoto anayerudi kutoka huko amepauka na hataki chakula huenda hakula kitu kibaya njiani.

Na miwani ya VR, ile ya kuvaa usoni, iliyoanza kuonekana kwenye maduka makubwa? Hiyo inafunika macho yote, haina kona wala pazia la pembeni, na picha inajibu kichwa kikigeuka. Hakuna mahali pa kukimbilia isipokuwa kuivua au kufumba macho. Meta, wanaotengeneza Quest, waliweka umri wa chini kuwa miaka 13, na mwaka 2023 wakaushusha hadi 10 kwa akaunti zinazosimamiwa na mzazi. Umri huo umewekwa na muuzaji. Mzazi ana haki ya kuweka wake.

Kuna hila nyingine ambayo kaka hatapenda kuisikia: mpe mdogo padi. Anayeendesha huchafukwa kidogo kuliko anayetazama, kwenye gari na hata kwenye gemu, kwa sababu vidole vyake vinajua kona inakuja kabla picha haijageuka. Sehemu ya ushujaa wa kaka iko mikononi mwake.

Kuhusu kuvumilia hadi kuzoea, kuna ukweli nusu. Mwili huzoea, ila kwa dozi ndogo za siku tofauti, dakika chache leo, chache keshokutwa, na kila mara mtoto anaacha akiwa bado mzima. Kumshikilia abaki pale wakati ameshaanza kupiga miayo na kupauka kunaongeza hali siku hiyo hiyo, na kunaweza kuendelea saa kadhaa baada ya TV kuzimwa. Miayo, ukimya na weupe wa uso hutangulia kutapika. Anayezifahamu dalili hizo ana dakika chache za kuwahi.

Ndani ya basi mgongano ni ule ule ila umegeuzwa. Masikio yanasema gari linakata kona za Kitonga, na macho yaliyoinamia katuni kwenye simu yanasema hakuna kinachosogea. Hapa mtoto ainue macho atazame mbali mbele, barabarani au mlimani, kule ambako macho na masikio yanakubaliana. Simu ikae mfukoni hadi barabara inyooke. Apple waliongeza kwenye iPhone, kupitia iOS 18 ya mwaka 2024, nukta ndogo kando ya skrini zinazosogea kufuatana na mwendo wa gari. Lengo ni hilo hilo, kuyapa macho habari ambayo masikio wanayo tayari.

Dawa ni sura nyingine, na inahitaji ukali. Wazazi wengi hununua promethazini duka la dawa wampe mtoto "asitapike, alale" hadi wafike. Dawa hiyo haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kumdhoofisha pumzi hadi kufa. Na kama ilivyokwishaelezwa, mtoto wa umri huo ni nadra kuchafukwa na mwendo. Anatulizwa kwa hatari kubwa kwa ajili ya tatizo ambalo huenda hana. Kwa mkubwa zaidi, kipimo kipangwe na mtaalamu, si na dada wa kiti cha jirani.

Sasa iko pale ambapo TV haihusiki. Kizunguzungu cha picha kina tabia moja ya kuaminika: kinakuja na picha na kinaondoka baada ya picha kuzimwa, taratibu lakini kinaondoka. Mtoto anayezungukwa kichwa akiwa amekaa tu uani, au anayeshtuka ghafla, kushika ukuta kwa woga na baada ya dakika chache kurudi kucheza kana kwamba hakuna lililotokea, na hali ikawa inajirudia, apelekwe kwa daktari. Mara nyingi kwa watoto chanzo ni kipandauso, ambacho kwa umri huo kinaweza kuja kama kizunguzungu hata bila kichwa kuuma sana. Upungufu wa damu nao humfanya mtoto aone giza anaposimama. Lakini mtoto aliyeanguka na kugonga kichwa, anayetapika asubuhi baada ya asubuhi, anayeona vitu viwili viwili, anayetembea kwa kuyumba, mwenye homa na shingo ngumu, au aliyepungukiwa usikivu, huyo hasubiri Jumatatu.

Kuanguka na kutetemeka au kupoteza fahamu mbele ya TV ni jambo jingine tena, tusilichanganye na hili. Desemba 16, 1997, zaidi ya watoto 600 nchini Japan walipelekwa hospitali baada ya kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kumulika mwanga mwekundu na wa bluu kwa mfululizo wa haraka. Baadhi yao walipata degedege. Kisa hicho kilihusu mwanga unaomemeteka na ubongo unaopata kifafa kwa mwanga. Mtoto wa namna hiyo anahitaji vipimo, na kusogeza mkeka nyuma hakutoshi.

Kwa mtoto ambaye kizunguzungu chake kinajirudia, simu iliyo mkononi mwa mzazi inaweza kufanya sehemu ya kazi ya ile miwani ya kamera. Tatizo la siku zote ni kwamba shambulio hutokea usiku wa manane nyumbani, na kufika kliniki mtoto ni mzima anakimbizana na wenzake kwenye benchi. Daktari anabaki na maneno ya mama. Video ya macho wakati wa shambulio lenyewe inampa kitu cha kukitazama.

Ni vizuri kujizoeza mapema kujua nistagmasi inafananaje. Watoto wanapocheza ule mchezo wa kuzunguka uani hadi waanguke, mmoja akisimama mzazi amtazame macho hapo hapo. Yatakuwa yanateleza upande mmoja na kuruka upande wa pili, kisha yatatulia ndani ya nusu dakika hivi. Hiyo ni kawaida. Yanayoruka hivyo wakati mtoto hajazunguka wala hatazami kitu kinachotembea, hayo ndiyo ya kurekodi.

Mtoto akae au alale, mtu mmoja amshike kichwa kwa upole kisigeuke. Taa iwashwe, lakini tochi ya simu isimmulike usoni, maana atafumba. Simu isogezwe hadi macho yote mawili yajae kwenye picha, ishikwe kwa mikono miwili. Atazame mbele kama sekunde 10, kisha kushoto kidogo sekunde 10, kisha kulia kidogo. Asiyasukume macho hadi pembeni kabisa, kwani hapo hata macho mazima hutetemeka kidogo. Mzazi aseme kwa sauti, ili irekodiwe, ni saa ngapi, hali ilianza lini, na mtoto alikuwa anafanya nini kabla. Video isitumwe kwenye kundi la familia. Ihifadhiwe, aoneshwe daktari.